Haba na Haba: Historia ya Kurefusha Mifupa ya Miguu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yafuatayo ni maneno ya mwalimu kama yalivyosomwa hewani. Yamepigwa chapa ili darasa liyasome tena kwa sauti, fungu kwa fungu.

Kaeni vizuri. Mwenye kalamu aishike, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mfupa. Tutaona jinsi madaktari walivyojifunza kuurefusha mguu wa mtu mzima, na jinsi kazi hiyo, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliolemaa, ilivyofika mikononi mwa watu wazima wa afya wanaotaka tu kuongeza kimo chao.

Huenda ukauliza, "Jambo hili lanihusu nini mimi?" Ngoja kidogo. Siku hizi kijana aweza kuona tangazo linalomwambia kwamba atapata kimo kipya. Tangazo litamwonyesha picha ya mtu kabla na picha ya mtu baada. Halitamwonyesha miezi iliyo katikati. Historia ndiyo itakayotuonyesha miezi hiyo.

1. Mfupa ni kitu hai

Watu wengi hufikiri kwamba mfupa ni kama ufito mkavu. Sivyo. Mfupa ulio ndani ya mtu ni kitu hai. Una damu, una uboho ndani yake, na kwa nje umefunikwa na ngozi nyembamba. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika huunga. Wazee wetu walilijua jambo hilo tangu zamani. Mganga wa mifupa aliunyosha mguu uliovunjika, akaufunga kwa vipande vya mti, akamwambia mgonjwa atulie. Mfupa wenyewe ndio uliojiunga. Kazi ya mganga ilikuwa kuushikilia tu mahali pake.

Sasa, kwa nini mtoto hurefuka na mtu mzima harefuki? Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto pana sehemu laini inayokua. Mtoto akifika utu uzima, sehemu hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu, na kimo husimama. Tangu hapo hapana kidonge, wala chakula, wala zoezi liwezalo kuirefusha mifupa ya miguu. Mtu akikuuzia dawa ya kurefusha kimo cha mtu mzima, jua anauza maneno.

Basi ikiwa mfupa wa mtu mzima haurefuki wenyewe, njia iliyobaki ni moja: kuukata, kisha kuuacha uunge huku umevutwa. Kulisema jambo hilo ni rahisi. Kulitenda kulichukua karibu miaka hamsini ya kujaribu na kukosea.

2. Bologna, mwaka wa 1905

Twende kwanza nchi ya Italia, katika mji wa Bologna. Huko alikuwako daktari mpasuaji jina lake Alessandro Codivilla, mkuu wa hospitali ya mifupa iitwayo Rizzoli. Wagonjwa wake walikuwa watu wenye mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine walivunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Mtu ambaye mguu wake mmoja umepungua sentimeta 5 huchechemea maisha yake yote, na mgongo wake hulazimika kupinda.

Mwaka wa 1905 Codivilla aliandika habari za kazi yake. Aliukata mfupa wa paja, akapitisha msumari katika mfupa wa kisigino, akauvuta mguu kwa nguvu nyingi, kisha akaufunga katika plasta ngumu. Miguu ilirefuka kweli. Lakini ilivutwa kwa ghafula. Mfupa uliokatwa hauna ubishi, lakini mguu si mfupa peke yake. Mna misuli, mna mishipa ya damu, mna mishipa ya fahamu, na vyote hivi havikukatwa. Vilivutwa kama kamba iliyokwisha kukaza. Wako wagonjwa waliopatwa na mtukutiko wa mwili kama wa kifafa.

Miaka ishirini na zaidi ikapita. Mwaka wa 1927, daktari wa Marekani, Leroy Abbott, alitoa habari za njia yake ya kurefusha mguu chini ya goti. Yeye alivuta pole pole kwa skrubu na springi. Hiyo ilikuwa hatua mbele. Hata hivyo vidonda viliingia uchafu, mifupa mingine ilikataa kuunga, na mishipa ya fahamu iliumia. Madaktari wengi wakaiogopa kazi hii, wakaiacha.

Angalieni hapa, maana ndipo shina la somo letu. Wote hao walikuwa watu hodari. Walijua kukata, na walijua kuvuta. Jambo moja tu hawakulijua bado: mwendo ambao mwili wenyewe unaukubali.

3. Daktari wa kijijini

Mwendo huo uligunduliwa mbali na miji mikubwa. Gavriil Ilizarov alizaliwa tarehe 15 Juni, mwaka wa 1921, katika kijiji cha Białowieża, Poland. Alikulia Qusar, katika milima ya Kaukasi. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alichelewa kuanza shule. Nyinyi mlioanza kusoma mkiwa watu wazima, likumbukeni jambo hilo. Mtoto huyo aliyechelewa alimaliza masomo ya udaktari mwaka wa 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ingali inaendelea.

Serikali ya Soviet ilimpeleka kufanya kazi katika kijiji cha Dolgovka, jimbo la Kurgan, huko Siberia. Ni nchi ya baridi kali. Daktari wa kijiji alikuwa daktari wa kila kitu: uzazi, homa, meno, na mifupa. Tena askari walikuwa wanarudi kutoka vitani wakiwa na mifupa iliyopondwa kwa risasi na mabomu. Wengi walikuwa wamelala katika plasta miezi mingi, na mifupa yao haikuunga.

Ilizarov hakuwa na vifaa vya fahari, lakini alikuwa mtu wa kufikiri kwa mikono. Mwaka wa 1951, baada ya kuhamia mji wa Kurgan, alitengeneza chombo chake. Ukitaka kukielewa, litazame gurudumu la baiskeli. Utaona duara la chuma lililoshikwa na spoki nyembamba zilizokazwa sana. Spoki moja ni dhaifu. Lakini zikikazwa zote pamoja, gurudumu hubeba mtu na gunia lake. Chombo cha Ilizarov kilikuwa hivyo. Aliuzungushia mguu pete za chuma, pete moja juu na nyingine chini. Katika kila pete alipitisha waya nyembamba zilizopenya ngozi na mfupa, akazikaza. Kisha akaziunganisha pete kwa vyuma vyenye nati. Ukizungusha nati upande huu, pete hukaribiana. Ukizungusha upande wa pili, huachana.

Mwanzoni alitaka kuzikaribisha pete tu, ili vipande vya mfupa vigandamane na kuunga. Mgonjwa wake aliweza kusimama na kutembea na chombo mguuni, badala ya kulala kitandani. Lakini inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati upande usiotakiwa. Pete zikaachana. Picha ya mfupa ilipopigwa, mahali palipotazamiwa kuwa na pengo palionekana mfupa mchanga unaota.

Ilizarov hakuishia kushangaa. Aliujaribu ugunduzi huo miaka mingi. Katika majaribio aliyoyafanya kwa mbwa alilinganisha mwendo wa namna tatu. Mfupa ulipovutwa nusu milimita kwa siku, uliwahi kuunga kabla haujafika urefu uliotakiwa. Ulipovutwa milimita 2 kwa siku, mfupa mchanga uliota vibaya, na nyama na mishipa viliumia. Ulipovutwa milimita 1 kwa siku, ulikua vizuri. Tena iligunduliwa kwamba milimita hiyo moja ni bora isivutwe kwa mara moja. Igawanywe, robo milimita kwa kila mara, mara nne kwa siku. Aligundua pia kwamba mkataji hana budi kuutunza uboho na ile ngozi nyembamba ya mfupa, maana humo ndimo unamotoka mfupa mpya.

4. Tufanye hesabu

Chukua rula yako. Tazama alama ndogo kabisa: hiyo ndiyo milimita 1. Sasa tuseme mtu anataka kuongeza sentimeta 6. Sentimeta 6 ni milimita 60. Kwa milimita 1 kila siku, zitahitajika siku 60 za kuvuta. Nati itazungushwa mara 4 kwa siku: 4 mara 60 ni mara 240. Kabla ya kuanza kuvuta, daktari hungoja karibu wiki moja baada ya kukata, ili mfupa uanze kushika.

Je, baada ya siku hizo kazi imekwisha? La. Kilichomo katika pengo bado ni mfupa mchanga, laini, usioweza kubeba mzigo. Hapana budi ungojewe ugumu wake. Kwa kadiri ya kawaida, tangu kukatwa hadi kukomaa huhesabiwa karibu mwezi 1 kwa kila sentimeta 1, na kwa watu wazima mara nyingi zaidi. Kwa hiyo sentimeta 6 ni miezi 6 au kupita. Hapo chombo huondolewa. Kisha yafuata mazoezi ya miezi mingine mingi. Mtu anayetaka kukimbia na kuruka tena aweza kungoja mwaka mzima.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi hii, kibaba kikijazwa kwa pupa hupasuka.

5. Mruka juu na mpanda milima

Miaka mingi sifa za Ilizarov hazikuvuka mipaka ya Siberia. Wakubwa wa udaktari mjini Moscow hawakuwa wepesi kumwamini daktari wa mkoani. Wagonjwa ndio waliomtangaza.

Wa kwanza kumpa jina kubwa alikuwa Valeriy Brumel. Bwana huyu aliruka juu mita 2.28 mwaka wa 1963, na wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyepata kuruka hivyo. Mwaka wa 1964 alishinda katika michezo ya Olimpiki mjini Tokyo. Mwaka wa 1965 alipata ajali ya pikipiki na mguu wake ukavunjika vibaya. Alipasuliwa mara nyingi, wala hakupona. Mwaka wa 1968 alikwenda Kurgan kwa Ilizarov. Mfupa ukaunga, na mguu uliokuwa umepungua ukarefushwa. Brumel alirudi uwanjani na kuruka zaidi ya mita 2. Rekodi yake hakuifikia tena, lakini aliyekuwa akienda kwa magongo sasa aliruka kimo kinachompita mtu mrefu.

Wa pili alikuwa Carlo Mauri wa mji wa Lecco, Italia. Alikuwa mpanda milima mashuhuri, naye alisafiri na Thor Heyerdahl katika mashua ya mafunjo kuvuka bahari ya Atlantiki. Mguu wake ulikuwa na jeraha la zamani la mfupa ambalo halikupona. Mwaka wa 1980 alikwenda Kurgan, akarudi nyumbani anatembea vizuri. Madaktari wa kwao walistaajabu. Mwaka wa 1981 wakamwalika Ilizarov Italia kufundisha. Ndivyo elimu hii ilivyorudi katika nchi ile ile ambako Codivilla alianza, miaka 76 baadaye. Kutoka hapo ilienea Ulaya, Marekani na kwingineko. Ilizarov alikufa mwezi wa Julai, mwaka wa 1992, na kituo kikubwa cha mifupa mjini Kurgan kina jina lake.

6. Watu wazima wa afya waja

Mpaka hapa tumesema juu ya watu waliokuwa na haja ya wazi: askari, wenye mguu mmoja mfupi, waliovunjika. Wako pia watu waliozaliwa na viungo vifupi sana. Baadhi yao wamerefushwa miguu na hata mikono, ili wafikie bomba la maji, swichi ya taa, au ngazi ya basi. Wengine wenye kimo hicho hukataa, wakisema wao si wagonjwa, ngazi za basi ndizo zilizotengenezwa vibaya. Maneno ya pande zote mbili yana uzito.

Lakini elimu ikishatoka haichagui mteja. Wakaja watu wenye miguu mizima iliyo sawasawa, wakisema, "Mimi ni mfupi. Nikate, uniongeze." Katika China, miaka ya mwisho ya karne ya 20 na miaka ya kwanza ya karne hii, matangazo mengi ya kazi yalitaja kimo cha mtu anayetakiwa. Vijana waliona kwamba sentimeta chache huwanyima kazi na ndoa, wakamiminika kwa wapasuaji. Si wapasuaji wote waliojua kazi. Wako vijana walioingia kwa miguu yao na kutoka na mifupa iliyopinda au isiyounga. Mwaka wa 2006 wizara ya afya ya China ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya kimo tu. Ukaruhusiwa kwa sababu za ugonjwa peke yake.

Vyombo navyo vilibadilika. Badala ya pete za nje, mafundi wa Ulaya walitengeneza chuma kama bomba jembamba, kinachotiwa ndani ya mfupa wenyewe na kurefuka humo. Mwaka wa 2011 Marekani iliruhusu chuma cha namna hiyo kinachoendeshwa kwa sumaku: mgonjwa huweka mashine juu ya paja, na chuma kilicho ndani hujivuta robo milimita. Hapana waya zinazopenya ngozi, kwa hiyo vidonda ni vichache.

Hata hivyo mgonjwa hakuweza kukanyagia mguu kwa uzito wake wote mpaka mfupa ukomae. Wengi walitamani chuma chenye nguvu zaidi, ili watembee mapema. Chuma hicho kikatengenezwa na kuanza kutumika mwaka wa 2018. Mwaka wa 2021 waliokitengeneza walikiondoa, baada ya kuonekana kwamba kilikuwa kinaliwa na kutu ndani ya miguu ya watu. Unaona, msomaji? Vyombo vimekuwa vya ajabu, lakini milimita kwa siku ni ile ile 1 ya Ilizarov.

7. Baada ya kisu

Upasuaji wenyewe ni kazi ya saa chache, na mgonjwa amelala usingizi wa dawa. Kazi ya mgonjwa huanza anapoamka.

Siku za kwanza ni za maumivu ya kidonda. Hayo hupungua. Kisha kuvuta huanza, na hapo huja maumivu ya namna nyingine. Mfupa hukubali kurefuka, lakini misuli hunung'unika. Kama ni mfupa wa chini ya goti unaorefushwa, kigimbi hukaza na kuvuta kisigino juu, hata mtu akasimama kwa vidole kama anayechungulia dirishani. Kama ni paja, goti hukaza na kukataa kukunjwa. Dawa yake ni kunyosha, kila siku, mara nyingi kwa siku, kwa msaada wa mtu aliyesomea mazoezi ya viungo. Anayeacha kunyosha kwa sababu inauma aweza kupata mguu mrefu usiokanyaga chini sawasawa.

Usiku ni mgumu. Wengi hawapati usingizi mzuri kwa wiki nyingi. Aliye na pete za nje husafisha matundu ya waya kila mara, maana uchafu ukiingia hapo huweza kufika mfupani. Akihisi ganzi miguuni, au unyayo ukishindwa kuinuka, amwambie daktari upesi. Hiyo ni sauti ya mshipa wa fahamu unaovutwa kupita kiasi, na mwendo hauna budi kupunguzwa au kusimamishwa. Mvutaji wa sigara aache, kwa kuwa moshi huchelewesha mfupa kuunga. Damu pia huweza kuganda katika mishipa ya mguu na kusafiri hadi mapafuni, na hiyo ni hatari ya kuua.

Tena hapana mtu awezaye kuifanya kazi hii peke yake. Kuna miezi ya kiti cha magurudumu na magongo. Nani atapika? Nani atamshika mkono kwenda msalani? Nani atalipa kodi ya nyumba wakati mwenyewe haendi kazini? Katika nchi nyingi gharama ya hospitali tu ni makumi ya maelfu ya dola. Miezi ya kukaa bila mshahara haiandikwi katika hati ya hospitali.

8. Kuzoea kimo kipya

Tuseme yote yamekwenda vizuri. Magongo yamewekwa pembeni, mfupa umekomaa, na kipimo cha ukutani chasema sentimeta 6 zaidi. Je, mtu amekwisha kuwa mrefu?

Miguu yake imekuwa mirefu. Mtu mzima hajawa. Mikono haikurefuka, wala kiwiliwili. Kwa hiyo akikaa kitini, kimo chake ni kile kile cha zamani. Mezani na ndani ya basi hakuna atakayeona tofauti. Suruali zake zote zimekuwa fupi, lakini mashati ni yale yale. Kiatu ni namba ile ile. Tandiko la baiskeli halina budi kupandishwa. Akiinama kuokota kitu, mikono huona ardhi imekwenda mbali.

Kutembea nako ni kujifunza upya. Mwanzoni wengi huyumba kama bata, kwa sababu misuli ya nyonga imedhoofika. Mguu wa mtu umehesabu ngazi na vizingiti kwa miaka ishirini au thelathini kwa kipimo kimoja. Sasa kipimo kimebadilika, na mtu hujikwaa mahali alipozaliwa. Jambo hili hutoweka kwa kutembea tu, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Wako wanaorudi kwenye mchezo wa mpira. Wako pia wanaokuta kwamba mbio zao za zamani hazirudi zote.

Yabaki ya moyoni. Wako waliorefushwa ambao husema wameridhika: walikuwa na uchungu wa miaka mingi, nao sasa umepungua. Wako wengine ambao, baada ya mwaka wa maumivu, hujikuta wanatafuta kasoro nyingine. Jamaa zao huwaona ni wale wale. Mama hamwiti mwanawe kwa jina jipya kwa sababu ameongezeka sentimeta 6. Ndiyo maana madaktari waangalifu huzungumza kwanza na mtu kuhusu huzuni yake, kabla hawajazungumza naye kuhusu mfupa wake. Kama huzuni imekaa mahali pengine, kuukata mguu hakutaifikia.

9. Tukusanye

Codivilla alivuta kwa siku moja, na mwili ukakataa. Ilizarov alivuta milimita moja, mwili ukakubali. Waliokuja baadaye na kutaka kuukimbiza mwili, huko China na kwingineko, walirudishwa na mwili ule ule. Hilo ndilo historia hii inalolisema kwa yeyote anayefikiri kuongeza kimo: daktari hukata kwa saa chache, na wewe utalipa kwa mwaka, siku kwa siku.

Kwa hiyo ndugu yako akija na tangazo mkononi, usimcheke. Ufupi humuuma mtu kweli, hasa anapokataliwa kazi au kudharauliwa. Mwambie tu aulize mambo matatu kabla hajatoa senti. La kwanza: "Daktari huyu amekwisha kurefusha watu wangapi, nami naweza kuongea nao?" La pili: "Mfupa ukikataa kuunga, nani atanitibu, na kwa fedha za nani?" La tatu: "Nani atakaa nami miezi yote sita?" Asiyepata majibu ya maswali hayo, heri abaki na miguu yake inayotembea.

Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Somo hili lisomwe tena darasani, kila mmoja asome fungu lake. Kwaherini.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini mtu mzima harefuki tena kama mtoto?
2. Codivilla alikosa kujua nini?
3. Chombo cha Ilizarov kinafanana na nini nyumbani? Kichore.
4. Mtu anataka kuongeza sentimeta 5. Atavuta kwa siku ngapi? Nati itazungushwa mara ngapi?
5. Je, mtu mwenye afya aruhusiwe kurefushwa miguu kwa ajili ya kimo tu? Darasa ligawanyike pande mbili na kujadiliana.

Maneno ya kukumbuka

Uboho: kitu laini kilicho ndani ya mfupa.
Kigimbi: nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti.
Mshipa wa fahamu: mshipa unaopeleka habari za maumivu na mguso kwenye ubongo, na kuleta amri za kujongea.
Mfupa mchanga: mfupa mpya ambao haujakomaa.